Namna ya Kuwa Msomaji wa Hatari: Mwongozo kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Kikuyu riwaya iitwayo Matigari. Mhusika mkuu anatoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Wasomaji walimzungumzia kana kwamba wamekutana naye sokoni, na habari zikafika juu kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka mashambani akiuliza maswali ya namna hiyo. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua kwamba mtuhumiwa anaishi kitabuni, waliingia madukani mapema mwaka 1987 wakakichukua kitabu chenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, lakini polisi wale walikuwa wamenusa kitu cha kweli. Matigari alikuwepo. Alikuwa kila msomaji aliyefunga kitabu, akainua macho na kuanza kuuliza. Mtu wa aina hiyo ni hatari kwa utawala unaopenda kimya, nami nataka tumpate kwa wingi, kuanzia Keroka hadi Ogembo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwa mtu huyo, hatua kwa hatua. Umeandikwa kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa mama anayeuza ndizi Daraja Mbili, na kwa kijana wa bodaboda anayengoja abiria Suneka.

Vifaa vinavyohitajika

Kitabu kimoja, kalamu, daftari tupu, na rafiki anayependa kubisha. Kitabu kiwe cha nchi ya jinamizi: mwandishi anabuni nchi, anaipa mtawala asiyeambilika, watu wanafungwa midomo, halafu mmoja wao anafumbua macho.

Huna haja ya kuagiza ng'ambo. Shule zetu zimejaa vitabu hivyo kwa miaka mingi. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia kinatupeleka Butangi, ambako mtemi ameshika hata kisima cha maji. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ni habari za Meya Sosi na mji wa Cheneo. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ina Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko. Kigogo ya Pauline Kea ina Majoka wa Sagamoyo, na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ina Mtemi Lesulia na ubaguzi wa koo katika nchi ya Matango. Chungulia sanduku la bati la kaka au dada yako aliyemaliza shule. Hutakosa kimojawapo.

Hatua ya kwanza: Weka mwongozo wa mtihani kando, fungua kitabu

Kitabu hunyamazishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukinyang'anya. Ya pili ni kukikaririsha, na hii haihitaji polisi.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili anaweza kukutajia sifa za Majoka bila kupumua: dikteta, katili, fisadi, mzinzi, mwenye tamaa. Anajua muktadha wa kila dondoo na umuhimu wa kila mhusika. Anapata alama zake, na anazistahili. Lakini Jumamosi ileile unaweza kumkuta uwanjani amesimama foleni ya noti ya shilingi mia mbili kutoka kwa mtu mwenye sifa zote tano, na asione kwamba ameshakutana naye darasani. Kitabu kimepita kichwani mwake kikatokea kwenye karatasi ya mtihani bila kugusa maisha yake. Mdhibiti gani angeomba zaidi ya hapo?

Kwa hiyo soma kitabu chote kwanza, kuanzia jalada hadi jalada, bila msaidizi. Weka alama mahali ulipokasirika, mahali ulipoogopa na mahali ulipocheka. Alama hizo tatu ni zako na hakuna mwongozo utakaokupa. Ukishamaliza, chukua vijitabu vya maswali na majibu uvisome kadiri utakavyo, maana mtihani nao una haki yake.

Hatua ya pili: Itafute nchi hiyo kwenye ramani

Waandishi wetu hawakubuni Butangi na Sagamoyo kwa sababu walikosa majina ya miji. Walikuwa wameona yaliyowapata wale waliotaja mambo kwa majina yake. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka uitwao Kenya: Twendapi?, akakamatwa, na mwaka uliofuata akafungwa miaka mitatu. Mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulifutiwa kibali. Kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ mwenyewe akawekwa kizuizini. Katama Mkangi, aliyekuwa ameonja kizuizi katika miaka ya 1980, aliandika Walenisi mwaka 1995, akampeleka mhusika wake Dzombo nje kabisa ya dunia ndani ya chombo cha angani. Ukisikia mwandishi amehamia anga za mbali, jiulize ni nini kilichomfanya ashindwe kusemea nyumbani.

Nikiwa darasani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, Sagamoyo iko kaunti gani?" Wenzake wakaangua kicheko. Sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Nilimwambia aje ubaoni achore mistari miwili: upande mmoja aandike yaliyomo Sagamoyo, na upande wa pili yale ambayo mtu yeyote darasani ameyaona kwa macho yake. Soko lililofungwa. Taka zilizoachwa zioze. Kodi iliyopandishwa bila maelezo. Kiongozi anayesherehekea huku watu wana njaa. Kicheko kiliisha taratibu kadiri upande wa pili ulivyojaa.

Fanya hivyo katika daftari lako. Sharti ni moja: andika uliyoyaona, usiandike uliyoyasikia. Palipo na pengo, liache wazi. Msomaji wa hatari hasemi uongo hata dhidi ya mtu asiyempenda, kwa sababu uongo ndio silaha ya upande ule mwingine.

Hatua ya tatu: Mtafute aliyeshika ufunguo wa midomo

Katika kila kitabu cha jinamizi kuna mtu anayeamua lipi lisemwe na lipi lisisemwe. Mtafute mapema. Katika riwaya ya George Orwell iitwayo 1984, Winston anaajiriwa na wizara yenye kazi ya kuandika upya magazeti ya zamani ili serikali isionekane imewahi kukosea. Katika Kidagaa Kimemwozea, Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake, kwa hiyo hata kabla serikali haijaingilia, sauti ya mnyonge imeshaporwa na msomi. Katika Kigogo, Majoka anaghadhabika runinga ya Mzalendo inapoonyesha maandamano, na anataka vituo vifungwe kibaki kile kinachomsifu.

Kigogo ilianza kutahiniwa katika KCSE mwaka 2018. Tarehe 30 Januari mwaka huohuo, Raila Odinga alipokuwa akijiapisha Uhuru Park, serikali ilizima matangazo ya NTV, KTN News na Citizen. Wanafunzi wa Kisii na Nyamira walikuwa na tamthilia hiyo mikononi wakati skrini nyumbani kwao zilipokuwa nyeusi. Mahakama Kuu iliamuru vituo virudishwe hewani, na bado siku zikapita kabla amri hiyo haijatiiwa. Waziri wa Usalama wa Ndani aliyetangaza kwamba vitabaki vimefungwa mpaka uchunguzi ukamilike alikuwa Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira na msomi wa fasihi aliyewahi kufundisha chuo kikuu.

Simtaji ili kumtukana. Namtaja kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa huku kuliko Wakenya wengine wote, na kwa sababu linavunja faraja moja tuliyoizoea: kwamba mtu akisoma sana atakuwa upande wa uhuru. Mtu anaweza kuzijua riwaya za dunia nzima, akazifundisha vizuri, halafu siku akipewa ufunguo akaufunga mlango. Kusoma hakumzindui mtu kwa nguvu zake. Kuzinduka ni uamuzi, na unapaswa kufanywa upya kila mara madaraka yanapokukaribia.

Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote katika mwongozo huu. Ni rahisi kumtambua Majoka akiwa mtu wa mbali, wa kabila jingine, wa chama tusichokipenda. Je, utamtambua akiwa mtoto wetu, mtu ambaye tunajivunia kuona jina lake kwenye gazeti na ambaye alifuatilia barabara yetu ikapata lami? Andika katika daftari jina la kiongozi unayempenda kwa dhati. Chini yake andika jambo moja ambalo akilifanya utampinga hadharani. Usipoweza kujaza mstari huo, rudi kwenye hatua ya kwanza.

Usidhani mambo haya yamepita. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokumbuka mwaka mmoja tangu maandamano ya mswada wa fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Kati ya 2018 na 2025 watawala walibadilika, lakini wote waliufikia ufunguo uleule.

Hatua ya nne: Ngoja swali, usimngoje shujaa

Watu wengi hudhani mzinduko huja kwa ngurumo. Vitabu vinaeleza vingine. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, Montag ni mzimamoto ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, na anaifurahia. Kinachomwamsha ni msichana wa jirani anayemuuliza kama ana furaha maishani. Ni swali la njiani, la watu wanaorudi nyumbani, na linatosha kumharibia usingizi. Winston wa Orwell anaanza uasi wake kwa kununua daftari.

Sudi wa Kigogo ananigusa zaidi, kwa sababu ni mchongaji. Anaahidiwa donge nono achonge kinyago cha shujaa aliyechaguliwa na wakubwa, naye anakataa, huku mwenzake Boza akiona ni upumbavu kuikataa kazi yenye malipo. Ukitaka kuelewa uzito wa kukataa huko, panda gari uende Tabaka, Mugirango Kusini. Utakuta mawe ya sabuni yamechimbwa yakiwa meupe, ya waridi na ya kijivu. Mchongaji ameketi chini, ameshika jiwe kwa nyayo zake, analipasua kwa panga dogo kisha analifuata kwa kisu. Pembeni wanawake wanasugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji, na maji yanageuka kama maziwa. Vumbi limewakaa kwenye kope. Anayeagiza ndiye anayesema ni tembo wangapi, viboko wangapi, na watu wangapi wanaokumbatiana kwa duara. Bei anaitaja yeye. Kwa mtu wa mikono kama hiyo, kumwambia mnunuzi mkubwa kwamba sura hii sichongi ni kuondoa chakula cha watoto mezani na kuwaambia wasubiri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza katika hatua hii ni: mkono wangu unafanya kazi gani ambayo mdomo wangu haukubaliani nayo? Kama wewe ni kijana wa pikipiki, je, umewahi kukodiwa kwenda kuzomea mkutano wa mtu ambaye hujamsikiliza? Kama una kompyuta, je, umelipwa kusambaza picha ambayo ulijua si ya kweli? Kama wewe ni mwalimu, je, umeikata sentensi ya mwanafunzi kwa sababu ilikuwa kali, ingawa ilikuwa sahihi? Mzinduko wa kitabuni huonekana kwa mtu pale mkono unapokataa.

Hatua ya tano: Lijue jina la George Anyona

Kuna vijana wa Nyamira wanaoweza kukueleza maisha ya Winston wa London ya kubuniwa lakini hawajui kilichompata mbunge wa nyumbani kwao. Tuondoe aibu hiyo leo.

George Moseti Anyona aliingia Bungeni mwaka 1974 kwa tiketi ya Kitutu Mashariki, eneo ambalo leo ni Kitutu Masaba. Alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya kwa nyakati zile: alikuwa anauliza. Mwaka 1977 alikamatwa katika viwanja vya Bunge, akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walipotaka kuanzisha chama cha pili, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka huohuo Anyona alirudishwa kizuizini. Julai 1990 alikamatwa tena akiwa na Edward Oyugi, Ngotho wa Kariuki na Njeru Kathangu. Walikuwa wameketi baa. Walishtakiwa kwa uchochezi, na Julai 1991 kila mmoja akahukumiwa miaka saba. Waliachiliwa mwaka uliofuata, upepo wa vyama vingi ulipokuwa umeshavuma, na Desemba ya mwaka huo watu wa Kitutu Masaba wakamrudisha Anyona Bungeni.

Soma aya hiyo mara mbili, kisha urudi kwenye riwaya yoyote ya jinamizi. Utaona kwamba waandishi hawakutia chumvi. Kesi ya kuzungumza baa, kifungo bila mashtaka, sheria inayotungwa ili kumzuia mtu mmoja au wawili: yote yalitokea hapa, katika Kenya ambamo wazazi wako walikulia. Kosa la uchochezi lilikuwa pana kiasi kwamba karatasi tu nyumbani kwako ingekufunga. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita mwaka 1982 kwa kosa la kuwa na maandishi. Jarida la Beyond lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo. Sheria hiyo ya uchochezi iliondolewa mwaka 1997. Ikiwa una shangazi au baba mdogo aliyekuwa mtu mzima wakati huo, mwendee jioni moja, mwamkie ipasavyo, umuulize alikuwa akishusha sauti kwa nani na kwa nini. Usimkatize.

Hatua ya sita: Kisome kitabu mbele za watu

Mdhibiti hamwogopi sana mtu anayesoma kitandani. Anaogopa watu wanaosikia jambo moja pamoja, wakatazamana, kila mmoja akajua kwamba mwenzake naye amesikia. Ndiyo maana tamthilia hupata taabu kabla ya riwaya. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha Orwell, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Wakenya walikuwa na Animal Farm kabatini kwa miaka mingi. Lakini ilipotaka kupanda jukwaani mwaka 1991, maonyesho yakapigwa marufuku. Nguruwe wa kwenye karatasi alivumiliwa. Nguruwe aliyesimama kwa miguu miwili mbele ya watu wazima waliokuwa wakidai vyama vingi, huyo hakuweza kuvumiliwa.

Mfano wa karibu zaidi umepitia mlangoni kwetu. Mwaka 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere waliandaa mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Ni habari za ufalme wa kubuniwa uliotoka vitani, na za vijana waliopoteza imani kwa viongozi wao. Mchezo ulizuiwa usifike mashindano ya kitaifa. Kesi ikapelekwa mahakamani, na mapema Aprili Mahakama Kuu mjini Kisii ikaamua kwamba wasichana hao waruhusiwe kuigiza. Amri hiyo ilitoka katika mji wetu. Tunapaswa kuwafundisha watoto jambo hilo kama tunavyowafundisha majina ya mito.

Yaliyofuata yalitokea Nakuru tarehe 10 Aprili. Malala alikuwa amekamatwa. Polisi walirusha vitoza machozi kwa watu waliotaka kutazama, na waandishi wa habari wakazuiwa kufika karibu. Wasichana waliingia mahali palipokosa hadhira na vifaa vya jukwaa. Wakaimba wimbo wa taifa, wimbo ambao kila mtoto wa Kenya ameufundishwa na serikali, wakatoka bila kuigiza. Mchezo wao ulihusu vijana wasiosikilizwa. Waliowanyima jukwaa waliukamilisha kwa niaba yao mbele ya nchi nzima.

Fundisho lake ni la vitendo. Kusanya watu wanne au watano, iwe ni baada ya ibada, au kibandani mnaposubiri mvua iishe. Gawaneni sehemu msome kwa sauti onyesho moja la Kigogo au Mstahiki Meya. Kila mmoja achukue mhusika asiyempenda, maana ukilazimika kusema maneno ya Majoka kwa kinywa chako utajua yanavyomnogea msemaji. Na ukizuiwa, kumbuka kwamba mahakama iko umbali wa nauli ya matatu, na kwamba kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa sanaa.

Hatua ya saba: Kusanya hadithi za kesho zilizotungwa nyumbani

Hatukuletewa na Wazungu tabia ya kuiwaza kesho ya kutisha. Mwishoni mwa karne ya 19 mtabiri Sakawa aliwaeleza Wagusii juu ya wageni watakaokuja na juu ya mji utakaosimama Getembe, mahali ambapo leo ndipo katikati ya Kisii. Kufikia mwaka 1914 imani ya Mumbo, iliyoanzia Alego, ilikuwa imefika Gusii ikiahidi kwamba Wazungu wataondoka. Septemba mwaka huo Waingereza waliuhama mji wa Kisii Wajerumani walipokuwa wakija, na watu wakaona utabiri umetimia. Waingereza waliporudi waliwaadhibu vikali kwa uporaji uliofuata. Baadaye viongozi wa Mumbo walihamishwa mbali na kwao, na mwaka 1954 imani hiyo ikapigwa marufuku. Serikali ya kikoloni ilijua nguvu ya hadithi inayosema kwamba utawala huu una mwisho.

Watafute wazee wanaojua simulizi hizi. Mtafute mpigaji wa obokano, maana wimbo wa kinubi hicho huweza kumsema mkubwa arusini akiwa ameketi mbele, naye akalazimika kutikisa kichwa kwa sababu kila mtu anamtazama. Rekodi kwa simu, kisha uandike. Hadithi isiyoandikwa hufa bila hata kuhitaji mtu wa kuipiga marufuku.

Hatua ya nane: Jaza daftari lako

Abdilatif Abdalla alitunga gerezani mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ akiwa Kamiti. Wote wawili waliandika kwenye karatasi ya chooni. Wewe una daftari la mistari na kalamu ya shilingi ishirini. Andika ukurasa mmoja juu ya nchi yako ya kubuniwa: iite utakavyo, weka milima ya migomba na majani chai, mpe mtawala tabia uliyoiona mwenyewe, halafu mpe mtu mmoja swali. Andika kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Christopher Okemwa wa Chuo Kikuu cha Kisii ameleta washairi kutoka mabara mengine hadi Kisii kwa tamasha la Kistrech. Jukwaa la kusoma maandishi yako lipo karibu kuliko unavyodhani.

Matatizo ya kawaida na tiba yake

Ukiogopa: hofu ni dalili kwamba umefika sehemu muhimu. Angalia kwanza ni nini hasa unachokiogopa, ukiandike kwa jina lake, kisha mtafute mwenzako msome naye.

Ukichekwa: endelea. Wale waliomcheka mwanafunzi wangu wa Sagamoyo ndio waliojaza ubao.

Ukijikuta unataka kitabu fulani kipigwe marufuku: simama hapohapo. Jambo hili huwapata watu wema, wazazi na viongozi wa dini. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa katika shule za Tanzania kwa sababu ilieleza bila kificho yaliyompata msichana. Wasichana waliokuwa wakipatwa na mambo hayohayo wakanyimwa kitabu kilichowasema. Ukichukizwa na kitabu, andika kwa nini, mpe mwenzako akisome na mbishane. Usichukue ufunguo.

Ukisoma na usibadilike: kisome tena baada ya mwaka mmoja. Wewe utakuwa mwingine, na nchi pia.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, soma kimoja tu kati ya vitabu nilivyovitaja, ukimalize, umpe mtu mwingine kikiwa na alama zako za hasira, hofu na kicheko pembeni. Halafu siku mgombea atakapopanda gari lake na kipaza sauti katika soko lenu, muulize swali moja ambalo umelitoa kitabuni. Akijibu, msikilize mpaka mwisho. Akiagiza unyamazishwe, waliokusanyika watakuwa wamepata jibu lake, na kura itakuwa bado mikononi mwao.